Mita ya Pucarumi

Pucarumi, 9 Juni 1996

Kaka yangu Abdon,

Mama anakusalimu, mume wangu Edilberto anakusalimu, na mimi dada yako Zenobia nakusalimu kwa haraka, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Wazima wote. Baridi imeshuka, viazi tumevimwaga uwanjani vigande usiku, kesho kutwa tunavikanyaga vitoke maji vikauke. Mama anakohoa kidogo, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeshamnunulia jeneza. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Chumba alichofia baba tumekipaka chokaa, kinapendeza.

Sasa kaa chini nikuambie, maana mimi mwenyewe tangu Jumapili sijakaa.

Jumapili ilikuwa zamu yetu kupimiwa kiwanja. Unakijua, cha kumi na mbili, cha mwisho kwenye ule mstari, kinachopakana na korongo. Nimekingojea tangu niolewe, kaka. Nimepika kwenye jiko la mama mkwe mpaka moshi wake umenijua jina. Basi asubuhi watu wote wakaja, nikatoa chicha, pombe ya mahindi yetu wenyewe, mitungi mitatu. Don Leoncio, si unajua sasa ndiye mwenyekiti, akaileta futikamba ya jumuiya, ile ya kitambaa, kwenye mkoba wake wa ngozi, ule ule ambao baba alikuwa akiutundika juu ya kitanda. Tukainywesha chicha kama desturi, kutoka sifuri mpaka mwisho. Watu wa mtaa wa Juu wakashika ncha ya sifuri, watu wa mtaa wa Chini wakashika upande wa kusoma, na ukaanza ule mvutano wao. Edilberto akavutwa mpaka akakaa kwenye tope, watu wakacheka, nami nikacheka. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho.

Wakaanzia kwenye kigingi cha Don Hilario, jirani yetu wa kiwanja cha kumi na moja, wakaenda mpaka ukingoni. Msomaji akatazama. Akafuta utepe kwa kiganja, akatazama tena. Halafu akasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba, "Saba na nusu."

Kaka, kila mtu kwenye mstari ule ana mita kumi na tano! Yule mpima ramani wa mjini alituambia viwanja kumi na viwili vinaingia bila shida, baba alikuwepo, mimi nilikuwepo, nilimpelekea maji. Saba na nusu! Ukitoa zile hatua za kuogopa korongo, kinabaki kichochoro. Mbuzi akiingia hawezi kugeuka. Mama akaja akanifunika shuka mabegani.

Ardhi haina miguu. Kuna mtu amesogeza kigingi, na mimi sihitaji kwenda kwa mpiga ramli kumjua. Don Hilario alikuwa anatazama viatu vyake muda wote.

Nitumie futikamba ya chuma, kaka, ile ndefu mnayotumia huko Arica, ng'ambo ya mpaka, kwenye maghorofa. Chuma hakimwogopi mtu. Nitampima mbele ya kijiji kizima.

Na utakuja lini? Mama anauliza.

Dada yako,
Zenobia

*

Arica, 2 Julai 1996

Mdogo wangu Zenobia,

Nimepokea barua yako ikinuka vitunguu, nadhani dereva wa lori aliisahau kwenye gunia. Nashukuru kusikia wote wazima. Mwambie mama kikohozi si cha kuchezea, na huyo ndama asiuzwe. Mimi mzima. Tunamwaga zege ghorofa ya saba sasa. Huku mvua hainyeshi kabisa, kuna watu wazima hawajawahi kusikia mvua ikipiga bati.

Lakini dada, hiyo saba na nusu imenikosesha chakula! Nilikuwa na sahani mkononi, nikaiweka. Yule Mbolivia ninayefanya naye kazi akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia kiwanja.

Hilario! Mzee mzima, mbeba msalaba wa parokia! Huyo huyo aliyelia kwenye mazishi ya baba kuliko sisi wenye baba. Ningekuwa hapo ningemvuta masharubu. Usimwache hata kidogo. Hata akikuletea kondoo, usipokee.

Futikamba hiyo, namkabidhi Macedonio, mtoto wa kinyozi, anakuja kwa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo. Ni ya chuma, mita hamsini, ya mfuko wangu mwenyewe, wala si ya kazini. Nimeifunga vizuri isipate kutu. Usiwaache wainyweshe chicha! Chuma hakinywi, kinaoza. Vuta kawaida tu, isining'inie, isome, basi.

Na kwa kuwa mmefika kwenye mambo ya kusogezana, nakuomba uvitazame vigingi vya kiwanja changu. Ni cha kwanza, wengine wote wameanzia kwangu. Ule msingi tulioujenga mimi na baba usiguswe na mtu. Nakuja kupaua, nimeshasema.

Mengine nitasema siku nyingine.

Kaka yako,
Abdon

*

Pucarumi, 18 Agosti 1996

Kaka Abdon,

Mama hajambo, kikohozi kimepungua kwa asali. Sikukuu ilikuwa nzuri, mbeba bendera alianguka mara moja tu. Edilberto anakusalimu. Macedonio amefika mnene, anasema hataki tena kurudi Arica, anatafuta mke. Mzigo alinikabidhi.

Kaka, afadhali ungenitumia nyoka.

Ngoja nieleze kwa mpangilio, ingawa kichwa changu hakina mpangilio. Siku ya pili ya sikukuu, watu wote wakiwa wamekusanyika, nilitoka na futikamba yako. Inang'aa, watoto walitaka kujitazama. Nikaenda moja kwa moja mpaka kiwanja cha kumi na moja, Edilberto akashika sifuri, nikavuta mimi. Wanawake wakaguna, maana mwanamke havuti. Nikasoma: kumi na sita kasoro kidogo.

Basi nikafungua mdomo. Sitakuandikia yote niliyosema, mama alikuwepo na padri pia. Nilisema, "Mwizi wa ardhi we! Unabeba msalaba kumbe unatafuta pa kuuchomeka! Hata kaburini utamsogeza jirani!" Mke wake akaanza kulia. Don Hilario akasimama tu, kofia mkononi. Nilipokosa pumzi akasema, "Umemaliza, binti Marcelino? Haya. Sasa pima na wengine."

Nikapima na wengine. Kwa hasira, kaka, nilikuwa natembea mbele ya watu kama naongoza maandamano. Cha kumi, kimezidi. Cha tisa, kimezidi. Cha nane cha mama Saturnina, mjane asiye na nguvu ya kung'oa hata vitunguu, kimezidi! Mpaka nyumba ya mwenyekiti. Kila tulivyopanda kuelekea barabarani ziada ilikuwa inapungua, na tulipofika kwako, cha kwanza, kilizidi kiganja tu.

Padri akasema leteni ile ya zamani. Tukaenda uwanja wa mpira, tukazilaza mbili kando kwa kando. Yesu na Maria! Ya jumuiya iliposema kumi na tano, ya chuma ilikuwa inakaribia kumi na sita. Nilipiga magoti niangalie vizuri, nikidhani ni macho yangu. Kila mtu akapiga magoti kwa zamu. Ungesema tunaabudu.

Mama Saturnina ndiye aliyesema. "Imekua," akasema. "Mnainywesha kila mwaka, mlitaka isikue?"

Ndivyo ilivyo, Abdon. Hakuna mwizi. Ni kitambaa. Miaka yote hiyo tunakilowesha chicha mpaka kinadondoka, halafu wanaume kumi wa Juu na kumi wa Chini wanakivuta kuonyeshana nani dume. Wewe mwenyewe ulikuwa bingwa wa kuvuta, usijisahaulishe! Kila kiwanja kwa mwaka wake kimekula kidogo cha mwenzake bila kujua, na vyote kumi na kimoja vimekula changu. Na baba yetu, mtunza futikamba, alikuwa anaikausha kwa upole kando ya jiko.

Nilimwomba Don Hilario msamaha hapo hapo, mbele ya watu. Alivaa kofia yake akaondoka. Najisikia aibu mpaka kwenye meno.

Unadhani yameisha? Jumapili iliyofuata mkutano ukakaa. Nilisema: mmeona wenyewe, basi kila mtu anirudishie kilichozidi. Wee! "Nibomoe ukuta?" "Jiko langu liende wapi?" "Mtoto wangu kazaliwa kwenye hicho kilichozidi!" Halafu Don Leoncio akasimama, akasema, na nakuandikia neno kwa neno: "Serikali ina mita yake, na Pucarumi ina mita yake. Mita yetu ni ile iliyotupimia. Wanaokubali?" Kaka, mikono ikapanda yote. Yote! Hata ya waliopiga magoti. Wakainywesha ile ya kitambaa chicha pale pale kwa furaha. Yako wameifungia kwenye sanduku la kanisa, wanasema inaleta ugomvi.

Kwa hiyo kwa mita ya Pucarumi nina saba na nusu na sina wa kumshtaki. Mama mkwe amesema mbele ya wageni kwamba ndoa yetu imepewa korongo kwa sababu Mungu anaona.

Neno moja lingine. Ile futikamba uliifunga kwenye sweta la mtoto, jekundu, kiwiko kimeshonwa. La nani? Mama alilinusa, akalikunja, akaliweka chini ya mto wake. Sijamuuliza.

Zenobia

*

Arica, 20 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Usinihesabie miezi. Kazi ilikuwa nyingi, tumehamia jengo lingine, na kalamu na mimi hatujawahi kuelewana. Natumaini mama anapumua vizuri sasa mvua zinapokaribia. Mwambie avae ile shali nene. Natumaini mahindi mmepanda. Macedonio msimpe mke, hafai, anasema sana.

Nimeisoma barua yako kwa wenzangu kazini, yule Mbolivia alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nilicheka naye. Kisha nilikwenda kukaa peke yangu nyuma ya mchanga, na kicheko kikakata. Baba! Nilikumbuka anavyoikunja ile futikamba, anaipangusa kwa kitambaa, anaivuta kidogo kujaribu, anasema haidanganyi. Afadhali hakuiona siku hiyo. Nakuapia nilishikwa na baridi, na huku Arica hakuna baridi.

Lakini huo mkutano ndio ulioniacha hoi. Walipiga magoti, wakaona, halafu wakapiga kura kwamba hawakuona! Leoncio huyo nilisoma naye, hesabu ya kutoa ilimshinda tangu darasa la tatu.

Sasa nikushauri kama fundi. Moja, nenda kwa kila mmoja peke yake, msiongee mkutanoni. Mtu akiwa peke yake ana haya. Na kama hawataki, Edilberto ajenge ukuta wa mawe upande wa korongo, autie msingi chini kabisa, mjaze udongo, mtapata mita mbili tatu. Huku tumefanya hivyo kando ya bahari na majumba yamesimama. Si jambo la kulia.

Kiwanja changu kiache kama kilivyo. Nakuomba sana. Mwakani kwa sikukuu nakuja kupaua, mabati nimeshayaulizia bei. Kila nikilala naona ule msingi.

Hayo mengine uliyouliza ni mambo madogo.

Wako,
Abdon

*

Pucarumi, 16 Machi 1997

Kaka Abdon,

Nakusalimu. Mama ni mzima wa mwili. Mahindi yamesimama vizuri. Edilberto ameumia kidole lakini kinapona. Ndama anakua. Sasa salamu zimeisha.

Ukuta wa mawe tulijenga. Edilberto alibeba mawe tangu Desemba, peke yake, mgongo umechubuka. Mwezi wa pili mvua ikaja siku nne bila kukata. Asubuhi ya tano nilikwenda kutazama, nikasimama mahali ambapo jana yake palikuwa na ukuta, na chini ya vidole vyangu vya miguu palikuwa hakuna kitu. Nilirudi nyuma kwa makalio. Ukuta wote uko chini mtoni, na umekwenda na mita nne. Kwa mita ya kwetu au ya serikali, chagua unayoipenda, nimebaki na uwazi wa kuweka kitanda.

Nilikwenda kwa kila mmoja peke yake pia, kama fundi alivyonishauri. Wote wana haya. Wamenipa mayai.

Sikuwa nimekuambia, nina mimba. Nategemea kujifungua mwezi wa tano. Mama mkwe amesema kitoto kitakapolia yeye hatavumilia, tutafute pa kwenda, na ameshatoa godoro letu nje mara moja, tukalikuta limelowa. Nilikuwa nangoja uje ndipo nikuambie. Nimengoja kwa sikukuu ngapi, Abdon?

Kisha ikaja Kanivali. Macedonio alikula kwetu, alikuwa amelewa vizuri, akasema mbele ya sufuria, "Mama, mjukuu wako wa Arica ana miguu ya Abdon vile vile." Mama alikuwa anamimina supu. Supu ikaendelea kumiminika, bakuli limejaa, inamwagika mezani, hakuna aliyesogea. Macedonio akadhani hatujamsikia, akarudia! Ana miaka mitatu, akasema, na mama yake ni mwuza samaki, mwanamke mzuri, wana nyumba yao wamejenga, ghorofa.

Ghorofa, kaka!

Mama aliuweka upawa. Akaenda chumbani. Tangu siku hiyo hajalitaja jina lako, na ukilitaja mbele yake anatoka nje. Si kwa sababu una mtoto. Ni kwa sababu alijua siku nyingi kwamba lile sweta ni la mjukuu wake, akangoja umwambie wewe, na umeandika kuhusu mabati.

Sasa sikiliza hili lililobaki, na ulisikie kutoka kwangu.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya kuitwa majina. Umeondoka siku nyingi, labda umesahau. Mwanajumuiya akiitwa, anaitika "Yupo!" Asiyekuwepo, ndugu yake anamwitikia. Asiyeitikiwa na hajajenga, kiwanja chake kinarudi, na wanapewa mume na mke wasio na pa kukaa. Miaka tisa nimekuitikia mimi. Nimesafisha mifereji kwa jina lako, nimebeba mchanga wa shule kwa jina lako, halafu narudi nyumbani kufanya ya kwangu. Don Leoncio alikuwa hata hainui macho, anasoma "Abdon Huillca," nami nasema "Yupo," anaendelea.

Akasoma, "Abdon Huillca."

Nilinyamaza.

Akainua macho. Akasoma tena. Edilberto akanigusa kiwiko. Mtoto akanipiga teke tumboni. Nilitazama viatu vyangu, Abdon. Chumba chote kilinigeukia, Don Hilario alivua kofia. Don Leoncio akasoma mara ya tatu, pole pole, kama ananiomba. Halafu akachukua kalamu.

Cha kwanza sasa ni changu. Matofali tumeanza kuyafyatua.

Zenobia

*

Arica, 11 Aprili 1997

Zenobia,

Sina salamu.

Nimesoma nikiwa juu ya jukwaa la mbao, ikabidi nishuke. Hukuniibia kiwanja. Wezi wanaiba ukiwa umelala, wewe umenifuta nikiwa nimeitwa jina! Mbele ya Leoncio! Mbele ya Hilario! Dada yangu wa tumbo moja. Mgeni angeniitikia kwa huruma.

Ule msingi unajua una nini ndani? Baba alipanga kila jiwe kwa mikono yake. Nilikuwa nachanganya udongo, ananitukana, tunacheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ndicho kitu pekee nilichojenga na ambacho si cha bosi.

Unasema ghorofa. Ni vyumba viwili, juu ya nyumba ya baba mkwe, vya mbao, upepo ukipita tunashika bati. Ulidhani nini?

Umetaka niseme, basi nasema. Mke wangu anaitwa Yesica. Mtoto anaitwa Fortunata, jina la mama. Miaka mitatu nimeandika jina hilo kwenye karatasi na kuichana, kwa sababu najua mama atauliza swali moja tu, utamleta lini. Na siwezi kumleta. Niliingia huku kwa kupita jangwani, sina kibali. Siku nitakayovuka mpaka kuja kuwaona ndiyo siku nitakayowaacha hawa. Kila sikukuu nafunga mzigo. Yesica ananitazama nafunga, halafu ananitazama nafungua. Sasa umejua. Umefurahi?

Nilikuwa nakuambia nakuja kupaua kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nalala.

Sasa nikifa nazikwa wapi? Huku mimi ni mtu wa Pucarumi. Pucarumi mimi ni mstari uliokatwa na kalamu.

Jenga. Siwezi kukuzuia. Lakini usiniandikie.

Abdon

*

Pucarumi, 22 Juni 1997

Kaka,

Umesema nisikuandikie. Naandika.

Nimejifungua tarehe ishirini mwezi wa tano, mtoto wa kiume, mkubwa, tumemwita Marcelino, jina la baba. Nilizalia kwenye msingi wako, kaka, kwa kweli kabisa, kuta zilikuwa zimefika madirishani na juu kuna turubai. Mama mkwe alikuja kumwona, akasema ana masikio ya kwao, akaacha kuku. Don Hilario ametuletea mlango. Aliuegemeza ukutani akaenda zake.

Barua yako nilimsomea mama. Nilisoma yote, hata uliponitukana. Nilipofika kwenye jina la mtoto akasema "Rudia." Nikarudia. Nilipofika kwenye jangwa akaweka mkono mdomoni. Kaka, kwa nini hukusema? Sisi tulidhani umetuchoka! Mimi nilinyamaza pale mkutanoni nikidhani namnyamazia mtu aliyeshiba. Kiwanja sikurudishii, nina mtoto na sina pa kwenda, na ungeitwa leo ningenyamaza tena. Lakini nimelia, na ulijue hilo.

Mama aliinuka. Alitoa lile sweta chini ya mto, akalivaa mabegani, halimtoshi, akaenda nalo kulisha ng'ombe.

Jumapili hii palikuwa na mkutano wa mifereji. Mwishoni Don Leoncio akasema, kile kipande cha kumi na mbili kimebaki kando ya korongo, hakina mtu, na kuna jina halina kiwanja. Kanuni inasema jina lililokatwa linaitwa mara moja ya mwisho kabla ya kufutwa kabisa, na likiitikiwa linabaki. Mimi siruhusiwi kukuitikia tena, aliyechukua kiwanja cha mtu hawezi kuwa mdomo wake. Nilikuwa namnyonyesha mtoto, nikauma midomo.

Akasoma, "Abdon Huillca, mwana wa Marcelino."

Unamjua mama, miaka yote anakaa nyuma na wanawake, hajawahi kufungua mdomo mkutanoni hata siku tulipopewa pole za msiba wa baba. Nilisikia benchi likilia. Amesimama, na shali yake, na sweta jekundu juu ya shali.

"Yupo!" akasema.

Alilisema kwa nguvu, kaka, kwa sauti ya mtu anayemwona. Watu wote wakageuka kutazama mlangoni. Hata mimi niligeuka.

Zenobia